Miguu ya Wifi Kwenye Tovuti

Mabaya ya mawifi yamesimuliwa mpaka watu wamekaukwa na mate. Wifi mchoyo, wifi mdaku, wifi anayekuja kukagua masufuria ya kaka yake. Basi leo nitasimulia wema wa wifi, na aliyekuja kutafuta umbea aende zake mapema, hapa hatapata kitu.

Mwenye wifi huyo alikuwa fundi wa viatu, mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Soli. Hakuwa na mtoto anayeitwa Soli. Jina alipewa na kinyozi wa chumba cha jirani siku alipomwona amesimama nje, misumari midomoni, soli kwapani, anagombana na muuza ngozi bila hata msumari mmoja kudondoka. Likamganda. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, katikati ya huyo kinyozi na mtu wa fotokopi. Ukiingia ulipokewa na harufu ya gundi, halafu meza ya kazi iliyochimbika katikati kwa nyundo za miaka, halafu cherehani nzito ya kushonea ngozi. Nyuma ya cherehani kulikuwa na rafu mpaka darini, zimejaa kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha kiatu wakati wa kukishona. Kila mteja alikuwa na jozi yake. Ukizitazama vizuri uliona hazifanani: huu umepinda kwa ndani, ule vidole vimepandana, mwingine mfupi kuliko mwenzake.

Kwa maana Mama Soli hakuwa fundi wa kubandika bandika tu. Kubandika alibandika, mkono mtupu haulambwi, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwashonea watu waliokataliwa na viatu vya dukani. Mguu mmoja ukiwa mfupi, alikijenga kiatu cha upande ule tabaka kwa tabaka, nyingine ndani chini ya unyayo, nyingine nje, akazisugua kwa msasa na kuzipaka rangi moja, mpaka jicho la mpita njia likose pa kushika. Mtu aliingia anachechemea, akatoka anatembea.

Ufundi huo alifundishwa na baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu. Mzee naye alijifunza kwa kulazimika. Alikuwa fundi wa viatu vya kawaida mpaka binti yake mdogo alipougua, na alipopona, mguu wa kushoto ukagoma kukua na mwenzake. Watoto wa mtaani wakamtungia wimbo. Mzee hakugombana na mtu. Alijifungia karakanani akakata, akashona, akafumua, akashona tena, mpaka binti akatoka na viatu vilivyomnyamazisha kila mwenye mdomo. Toka siku hiyo likawa neno la karakana, na Mama Soli alilisikia kuliko alivyosikia salamu: "Kiatu kizuri hakimsemi mwenye mguu."

Binti huyo ndiye wifi.

Wifi alikua, akasoma, akafanya kazi ya kupanga mafaili ofisini, na ofisi ilipoyachoka makaratasi ikamchoka na yeye. Hakukaa chini kulia. Alikwenda kujifunza kutengeneza tovuti, akaketi darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, akawashinda kelele na wengine akawashinda na masomo. Mtaani walimjua kama mama mnene, mcheshi, wa sketi ndefu na viatu vyeusi. Mguu? Mguu gani? Hata waliofanya naye kazi miaka hawakujua. Nyumbani nako haukutajwa. Viatu vyake vikichakaa, Mama Soli alishona vingine, vyeusi vile vile, akavitia kwenye mfuko. Wifi alikuja kuazima chumvi, akaondoka na mfuko. Na ili uongo huo upate miguu, Mama Soli alimpa na chumvi kweli. Nyumba ya wifi ilikuwa na chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima.

Sasa, wateja. Kwa miaka mingi waliletwa na daktari mmoja wa mifupa aliyemwamini mzee, na baada ya mzee akamwamini mkwe. Daktari akastaafu, akahamia mbali kwa watoto wake. Aliyekuja nyuma yake hakujua hata kama karakana ipo. Wateja wa zamani walizeeka, wengine wakatangulia mbele ya haki, na ikafika mahali Mama Soli anashinda kutwa akizifuta kalibu vumbi. Kiwanda cha mabegi cha upande wa pili wa mji kikasikia habari za mkono wake, kikamwita: cherehani yako ipo, tupe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa kushona mkanda wa begi, ule ule, asubuhi hadi jioni. Muuza simu mmoja alishakuja kukitazama chumba, akasema rafu zile zitavunjwa. Na kalibu? Kalibu zingekuwa kuni.

Mume wake alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Alisikiliza habari za kiwanda mpaka mwisho, akanywa chai, akauliza, "Na dada atashonewa na nani?"

Swali hilo likamkaa Mama Soli kifuani. Mzee, alipolala mara ya mwisho, hakuusia nyumba wala shamba. Alimshika mkwe wake mkono akamwambia, "Huyu mwenzio asije akakosa kiatu." Basi. Ukimpa mtu wasia mfupi kiasi hicho, humwachii upenyo wa kutokea.

Wifi aliposikia habari za kiwanda alikuja mbio, na safari hiyo hakutaja chumvi.

"Nakutengenezea tovuti," alisema, kabla hata hajaketi.

"Tovuti ya nini, wifi?"

"Ya kuita wateja. Watu siku hizi hawaulizi jirani, wanaiuliza simu. Simu ikikujua, umejulikana. Isipokujua, hujazaliwa."

"Baba alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri chajiuza kikionekana. Kikifungiwa kabatini kinajiuza kwa mende."

Mama Soli akacheka bila kupenda. "Nami nitakulipa nini?"

"Chumvi," wifi akajibu, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kazi, katikati ya vipande vya ngozi.

Jamani, wifi alipenda makubwa. Alipomaliza alimwita Mama Soli aje aone, na Mama Soli akafuta mikono kwenye aproni kama anayeingia kuamkia wakwe. Juu kabisa kulikuwa na maandishi makubwa: "Suluhisho bora kwa kila mguu, kwa ubora wa hali ya juu." Chini yake walisimama wanaume wawili wenye suti, wanapeana mikono, meno yote nje.

"Hawa ni nani?" Mama Soli aliuliza.

"Wateja."

"Mbona siwajui?"

"Ni wateja wa picha. Wapo kwa ajili ya kuvutia."

"Viatu vyao viko wapi?"

Wifi akatazama. Picha iliwakata waheshimiwa wale kiunoni. "Usiwe mbishi," alisema.

Halafu ilikuja fomu ya maulizo. Wifi, mtoto wa mafaili, alikuwa ameiandaa kama anaandikisha jeshi. Mteja aliyetaka kuuliza habari za kiatu sharti ataje jina lake lote, tarehe ya kuzaliwa, kazi, anwani, barua pepe, sababu ya kuwasiliana na alisikia wapi habari zao. Watu wamepata pasi za kusafiria kwa jasho dogo kuliko lile.

Na picha za viatu zilipigwa na Mama Soli mwenyewe. Alivichagua vilivyo bora, akavisugua vikang'aa, akavipanga alivyofundishwa kumkabidhi mteja: pua mbele, visigino ukutani, upande unaosema umefichwa. Zikatoka jozi za kupendeza, nyeusi na za kahawia. Hapa ndipo ninapotaka kuwapiga kofi wote wawili, kofi la mapenzi. Tovuti nzima, kuanzia waheshimiwa mpaka fomu, haikuwa na neno hata moja la mguu mfupi, wala nyonga, wala kuchechemea. Wala hawakugundua. Jambo ambalo hujalitamka maisha yako yote, utajuaje kwamba umelisahau?

Maulizo yalikuja, siyo kwamba hayakuja. Wa kwanza aliuliza kama wanauza ndala kwa jumla. Wa pili alitaka kazi. Wa tatu alitaka kuwauzia wao bima. Akaja mmoja anayetaka njumu za timu nzima, na mwingine aliyeuliza tu, "Mambo?" Wifi alimjibu kila mmoja kwa adabu za ofisini, Mama Soli akaendelea kufuta vumbi, na mwezi ukaendelea kuisha kama mshumaa.

"Tovuti yako imefanana nawe, wifi," Mama Soli alisema siku moja, kwa utani wenye mwiba. "Kelele nyingi, mzigo hakuna."

"Na karakana yako imefanana nawe," wifi akajibu. "Imejaa miguu, haiendi popote."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, mwalimu mmoja wa shule ya jirani aliingia anachechemea, kisigino cha kiatu chake kimoja mkononi. Kilikuwa kimebanduka kwenye ngazi. Alikuwa ameona mtandaoni kwamba hapo pana fundi, si mbali na shule yake, akaja kwa mguu mmoja juu mmoja chini.

"Kumbe kisigino tu kinamtoa mtu jasho namna hii!" alisema, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

Mama Soli akachukua kiatu, akapaka gundi. Wifi alikuwa pembeni na kompyuta yake. Mwalimu, asiyeweza kukaa bila kusoma kitu, akawa anasoma chumba. Macho yakashuka kwenye rafu ya chini, ambako jozi mpya iliwekwa ikauke rangi, na kwa kuwa ilikuwa inakauka, ilikuwa imegeuka visigino mbele.

"Hiki mbona kirefu kuliko mwenzake?"

Mama Soli alifanya bila kufikiri. Alinyoosha mguu akaisukuma ile jozi, ikageuka pua mbele. "Ni vya mtu."

"Mnashona viatu vya namna hii?" Mwalimu alisimama, akasahau kwamba hana kiatu. "Mbona kwenye tovuti yenu hamkusema? Dada yangu alivunjika nyonga, mguu ukapungua. Ametafuta fundi mpaka amekata tamaa, hatoki tena nyumbani. Na mimi jana nimeisoma tovuti yenu yote, nikajua nyie ni watu wa viatu vya harusi!"

"Imeandikwa kila mguu," wifi alisema, sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Kila mguu ni mguu wa nani? Mwenye shida anaandika shida yake. Dada yangu anaandika 'mguu mmoja mfupi'. Nyie mmeandika wapi mguu mmoja mfupi?"

Kwa mtaa ule yalikuwa maneno ya kawaida, lakini ndani ya kuta zile hayakuwahi kutamkwa kwa sauti, tangu enzi za mzee. Mama Soli alishika nyundo, hakupiga. Hakuthubutu kutazama upande wa wifi. Mwalimu wa watu, asiyejua alipokanyaga, akaendelea, "Wekeni picha, tena ya kutoka nyuma, na mtu kavaa, watu waone. Mficha uchi hazai."

Wifi alifunga kompyuta, akaitia mkobani, akatoka. Hakuaga. Alitembea vizuri, kama siku zote.

"Nimesema kitu kibaya?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu," Mama Soli akasema. "Umesema kitu cha kweli, tena bure. Mwambie dada yako aje."

Usiku ule Mama Soli alijigeuza kitandani mpaka mwashi akauliza kama kuna kunguni. Hakuwa mjinga, alielewa. Picha ya kiatu kitupu haimwambii mtu kitu, inatakiwa miguu ndani yake. Na miguu aliyoijua, iliyo tayari, iliyo karibu, ilikuwa ya mtu mmoja. Amwombe? Heri amwombe figo. Mzee alitumia maisha yake kuuficha mguu ule, naye mkwe akaupokea ufichaji huo pamoja na nyundo na koleo. Leo aende kumwambia mwenye mguu, njoo nikuanike? Asubuhi alimwambia mume wake, "Naenda kuwapa watu wa kiwanda jibu kesho." Mwashi akaitikia kwa kichwa, wala hakumaliza chai yake.

Akaenda karakanani na magunia. Alianza kuzishusha kalibu kutoka rafu ya juu kabisa, ambayo haikuguswa tangu mzee, na huko nyuma ya boksi la misumari mikuukuu akakuta safu asiyoijua. Zilikuwa kalibu ndogo ndogo, zimepangwa kwa ukubwa. Jozi ya kwanza iliingia kiganjani. Iliyofuata ilizidi kidogo, na iliyofuata hivyo hivyo, mpaka ile ya mwisho, ya msichana mkubwa. Katika kila jozi wa kushoto ulikuwa mwembamba na mdogo kuliko wa kulia. Mzee hakutupa hata moja.

Alikuwa bado amekaa chini, jozi ile ndogo mapajani, wifi alipoingia. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Unahama bila kuniaga? Ningeazima wapi chumvi?" alisema. Kisha akaona. Akachuchumaa, akaichukua moja, akaipima na kiganja chake. "Hizi za nani?"

"Zako."

"Zote?"

"Zote. Tangu ulipoanza kuvaa."

Wifi akaziinua moja moja, akarudisha moja moja. Alilia bila kujificha, na Mama Soli akalia kwa kuwa mwenzake analia, na kinyozi wa jirani, aliyechungulia kuomba kubadilishiwa noti, akarudi kinyumenyume.

"Mimi nilidhani baba ananionea aibu," wifi alisema mwishowe, akijifuta kwa upindo wa sketi. "Kumbe mtu anayekuonea aibu hakutunzii miguu mpaka darini." Akasimama. "Washa simu yako. Piga picha."

"Wifi, si lazima."

"Najua si lazima. Ingekuwa lazima nisingefanya. Baba alinificha, na alinificha vizuri, Mungu amrehemu, watoto wale wangenimaliza. Lakini mimi sasa ni mtu mzima, wa kuniimbia nani? Na yule dada wa mwalimu amekaa ndani. Piga kabla sijabadili mawazo, na kidevu changu kisionekane."

Alivua viatu, akasimama peku sakafuni akiwapa mgongo watu wa barabarani, akainua sketi mpaka juu ya vifundo. Kisigino cha kulia kiligusa sakafu, cha kushoto kikaning'inia hewani. Picha ya kwanza ya Mama Soli ikatoka ukungu. Akapiga nyingine. Kisha wifi akavaa viatu vyake vyeusi, akasimama pale pale, wima, mabega sawa. Mama Soli akapiga tena. Alikuwa ameshona viatu vile mwenyewe, lakini hakuwahi kuona kabla na baada vikiwa vimekaa pamoja. Hakujua kama kazi yake ni kubwa kiasi kile.

Waheshimiwa wa suti waliaga asubuhi ile ile, na meno yao. Fomu ilikatwa ikakatika, likabaki jambo moja: tuambie kinachokusumbua, na namba ya simu tukupigie. Juu, mahali pa suluhisho bora, ziliwekwa zile picha mbili, na wifi akaandika kwa mkono wake: "Mguu wangu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Hivi ndivyo ninavyosimama peku, na hivi ndivyo ninavyosimama na viatu vyangu. Anayevishona ni wifi yangu."

Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akafumba macho, akabonyeza.

"Haya," alisema. "Sasa hata nisiowajua wananijua. Nipe maji."

Kesho yake Mama Soli hakwenda kiwandani. Dada wa mwalimu alikuja, ameshikiliwa mkono na mwalimu mwenyewe, akapimwa miguu yote miwili, akakaa akipiga soga mpaka mchana kama aliyefunguliwa jela. Jioni simu iliita: mzee mmoja, ajali ya zamani. Ikaita tena: mama mwenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, kila akinunua viatu hununua jozi mbili, anatupa nusu. Maulizo yakawa yanaingia, mengine marefu kama barua za mapenzi, watu wanasimulia mambo ambayo inaonekana hawakumsimulia yeyote. Mengi yalianza hivi: "Nimeona miguu yako, nikasema ngoja niulize." Kabla mwezi haujaisha Mama Soli alipanda basi hadi kiwandani, akawashukuru kwa heshima zote, akawaambia hapana. Msimamizi akamwuliza amepata wapi kazi nzuri zaidi. "Kwetu," alijibu.

Muuza simu alitafuta chumba kwingine. Na kinyozi naye aliiona ile tovuti. Alikuja mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, akaanza, "Dada, kumbe wewe..."

"Kumbe mimi nini?" wifi akamkata. "Kamalize kichwa cha watu, umekiacha nusu."

Akacheka, akaenda. Hivyo tu. Miaka yote ile wameogopa mlima, na kuupanda kumbe ni kuinua sketi.

Ulizo moja wifi alilisoma kwa sauti, akasimama katikati. Mama mmoja aliandika kwamba ana binti mwenye mguu kama wa kwenye picha, hataki kwenda shule. Alimwonyesha binti picha ile, binti akaitazama sana, akauliza swali, na mama analileta kama lilivyo: je, huyo mama anaweza kukimbia?

Wifi akavuta kompyuta karibu. Kisha akaandika: "Mwambie anaweza. Hakimbii kwa uvivu tu. Mlete tumpime."

Mama Soli alitaka kumshukuru wifi yake. Alijaribu. Kila alipoanza, "Wifi, mimi kwa kweli..." mwenzake alimwuliza kama anaumwa. Na si kwamba alikosa la kushukuru: kazi ipo, kalibu zimerudi rafuni, ahadi ya mzee imesimama. Lakini shukrani nyumbani kwao, kama ule mguu, haikuwa na mazoea ya kutoka kinywani. Basi akashukuru kwa anachokijua. Alikwenda kwa yule muuza ngozi wake wa kugombana naye, akachagua kipande alichokuwa akikipita miaka yote akisema hiki nitamshonea nani. Akashona asubuhi na mapema kabla wateja hawajafika, mishono midogo kama chembe za sukari, akavisugua, akavitia kwenye mfuko, akaweka juu ya meza, na kando yake pakiti ya chumvi, kama desturi.

Wifi akaja. "Nimekuja kuazima chumvi," alisema, akafungua mfuko.

Vilikuwa vyekundu. Siyo wekundu wa kujificha, ile rangi ya damu ya mzee. Vyekundu kabisa, na soli nyeupe iliyoonyesha kila tabaka, ya kushoto nene, ya kulia nyembamba, bila kupakwa rangi ya kuficha.

"Wewe!" wifi akapiga kelele. "Unataka watu wanitazame miguu?"

"Umewaonyesha dunia nzima, wifi. Leo unamwonea haya nani?"

Wifi akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua vyeusi, akavaa cha kulia, kisha cha kushoto. Akasimama. Mama Soli akapiga magoti kumfunga kamba, ingawa hakuombwa, na akiwa huko chini, asikoonekana uso, akasema, "Asante, wifi."

"Asante ya nini? Viatu nimepewa mimi." Lakini mkono ulishuka ukamshika begani, ukakaa hapo, kamba zikawa zimeshafungwa zamani na hakuna aliyeondoka.

Kisha wifi akainua sketi kidogo, kiasi cha viatu kuonekana, akatoka barabarani, akapita mbele ya kinyozi na mbele ya mtu wa fotokopi, taratibu, kama mwenye muda. Mama Soli alisimama mlangoni akimwangalia mpaka akakata kona. Aliporudi ndani aliikuta ile chumvi juu ya meza, imesahauliwa.